Kaka Hakuweza Kuja

Neno "shemeji" kijana alikuja nalo kutoka nyumbani. Alilifanyia mazoezi njia nzima, mara kwa heshima, mara kwa utani, maana hakuwahi kuwa na shemeji na alitaka kuanza naye vizuri. Alipofika mbele ya geti, dada yake ndiye aliyetoka kumpokea. Alimkumbatia harakaharaka, akamvuta pembeni ya ukuta, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba humo ndani asije akamwita mtu shemeji.

"Nimewaambia wewe ni fundi makochi kutoka kwetu," alisema. "Fundi mzuri, mwaminifu. Mengine niachie mimi."

"Sawa, fundi ni fundi. Lakini si ni kaka yako pia?"

"Kaka yangu ni daktari. Yuko ng'ambo."

Kijana alicheka. Dada yake tangu utotoni alikuwa na maneno, akadhani haya nayo ni yale yale. Dada hakucheka.

Mambo yalikuwa hivi. Siku za uchumba, mama wa mchumba, mjane aliyeachiwa nyumba kubwa na mumewe, alimkalisha binti wa watu sebuleni na kumhoji: kwenu kuna nani, wanafanya nini, mbona hatuwaoni? Binti akababaika. Akasema kuna mama, miguu inamsumbua, hawezi safari, na kuna kaka mmoja tu, daktari. Mimi simlaumu kwa uongo wa siku ile. Mtu akibanwa kwa maswali kama mwizi wa kuku atasema lolote limjialo mdomoni. Namlaumu kwa kila siku iliyofuata.

"Ngoja kwanza nishike mizizi," alimwambia mdogo wake pale ukutani. "Nikipata mtoto nitawaambia. Mwanamke akishazaa hafukuzwi ovyo."

Kijana akasubiri. Walimpa stoo iliyokuwa nyuma ya jiko, yenye kitanda cha chuma na pampu ya maji iliyofungwa ukutani, ikinguruma kila mtu wa ndani anapofungua bomba. Mbele, kando ya geti, walimjengea kibanda cha mabati, na hapo ndipo alipopanga nyundo zake, mikasi, sindano ndefu zilizopinda na marundo ya sponji. Kazi alikuwa anaijua. Kochi lililokaliwa mpaka likazama alilirudisha likawa la kugombewa na wageni. Kila alipolipasua tumbo alikuta mambo ya wenyewe: vitana, vifungo, funguo, jino la bandia. Alivikusanya na kuvirudisha kwa wenyewe, nao wakamwona mtu wa ajabu sana. Makochi ya nyumba ile yenyewe aliyatengeneza bure, kwa vile alihesabu kwamba ni ya kwao.

Mji ulimfundisha kwa makofi. Ukisimama katikati ya njia kutafuta unakokwenda, unapigwa kikumbo na kutukanwa na mtu asiye na muda hata wa kumaliza tusi lenyewe. Alijifunza kutembea bila kutazama watu usoni. Alijifunza kulala pampu ikinguruma sikioni. Mlinzi wa nyumba ya jirani alimuuliza siku za mwanzo, "We kijana, hapo ni wa nani?" Akajibu, "Wa hapahapa." "Hapahapa kwa nani?" "Kwa bosi," akasema, na kuanzia hapo mume wa dada yake akawa bosi. Huyo bosi mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alimwita "fundi wangu" na kumpa viatu vyake vilivyoisha soli.

Dada alipata mtoto, wa kike, mnene, mcheshi. Kijana akakaa roho juu siku ile, akafua shati lake zuri, akangoja kuitwa ndani. Hakuitwa. Wiki ile ilipopita alimuuliza dada yake jikoni, na dada akasema, "Ngoja kwanza mtoto atembee." Mtoto akatembea, na mahali pa kwanza alipotembea kwenda ni kibandani, kucheza na mabaki ya vitambaa. Kijana akamfundisha kusema "mjomba". Ilikuwa siri yao wawili, mpaka mtoto alipoitoa mezani, mbele ya watu wote, akimwonyesha kidole kijana aliyekuwa anapita na ndoo.

"Haya, sasa kila mpita njia ni mjomba," dada alisema huku akicheka, na wengine wakacheka. Tangu hapo mtoto alikatazwa kwenda kibandani kwa sababu kuna misumari.

Mtu atauliza, kwa nini hakuondoka? Mafundi wenzake walimuuliza pia. Angeweza kupanga chumba, kazi alikuwa nayo. Lakini alitaka kitu kimoja, na kitu hicho hakikuwa kwingine: alitaka dada yake atamke kwa mdomo wake, mbele ya watu wa nyumba ile, huyu ni kaka yangu. Dada ndiye aliyembeba mgongoni wakati mama yao akifua nguo za watu. Ndiye aliyepigana na wavulana kwa ajili yake akarudi na jino linacheza. Mtu wa namna hiyo, alijiambia, hawezi kunikana moja kwa moja. Na mama yao kila alipopiga simu swali lilikuwa lile lile: "Mnaishi vizuri na dada yako?" Naye akajibu, "Vizuri mama, kama zamani," na mama akafurahi mpaka unasikia anavyotabasamu.

Simu ya mjomba wao, kaka wa mama yao, ilimkuta kibandani asubuhi. Alikuwa na misumari midogo mdomoni, kama mafundi makochi wanavyofanya, mkono mmoja ukivuta kitambaa na mwingine una nyundo.

"Mwanangu, jikaze kiume," mjomba alisema. "Mama yenu ametutoka alfajiri."

Aliitema misumari kiganjani. Aliuliza, "Mama nani?" ingawa alijua.

Sebuleni alimkuta dada yake na mama mkwe, pamoja na majirani wawili waliokuja kutazama makochi mapya. Alisimama mlangoni na nyundo yake.

"Dada."

"Fundi, huoni tuna wageni?"

"Dada, wamepiga simu kutoka nyumbani. Mama amefariki."

Dada alipiga yowe lililosikika mpaka barabarani. Wale wanawake walimrukia wote, huyu kamshika kiuno, yule kamkumbatia kichwa, pole mama, pole mwanangu, lia utoe uchungu. Kijana naye aliegemea mlango. Mmoja wa majirani akageuka, akamwona.

"Wewe umesimama tu? Lete maji bwana!"

Akaenda kuleta maji. Ndiye aliyeishika ile glasi, meno ya dada yake yakigonga ukingoni, na hapo ndipo walipokaribiana katika msiba wa mama yao. Kisha wakamwambia inatosha, apishe. Alikwenda stoo akakaa kitandani, na kwa bahati mtu alifungua bomba, pampu ikanguruma, akapata pa kulilia.

Baadaye kidogo dada alimfuata, akafunga mlango. Walikumbatiana, wakalia kama watoto, na kwa kitambo kile alikuwa na dada. Alimlowesha bega lote. Kisha dada akajifuta uso kwa ncha ya kanga na kuvuta pumzi.

"Wewe hutakwenda," alisema.

"Sitakwenda wapi?"

"Nisikilize kwanza. Mume wangu anakuja, na wifi zangu wawili. Siwezi kuwazuia. Nyumba yetu wataiona, nitasema mama hakutaka kuhama, hilo nina la kusema. Lakini wewe sina la kukusemea. Ukishuka tu kwenye gari, mjomba atakukumbatia, shangazi wote watakulilia wewe. Mimi nitajificha wapi?"

"Usijifiche. Sema tu."

"Siku ya kumzika mama? Huyu mama mkwe wangu atanila nyama! Ukienda, ndoa yangu imekwisha, na mtoto wangu atalelewa na mwanamke mwingine. Ndicho unachotaka?"

"Watauliza niko wapi."

"Nimeshafikiria. Nitasema, kaka hakuweza kuja. Basi. Hawa wa hapa watajua daktari amekosa ndege. Wa nyumbani watajua wewe kazi zimekubana. Hakuna atakayeuliza zaidi."

Nampa haki yake, alilipanga vizuri. Mama yake hajapata hata pa kulazwa na yeye tayari ana maneno matatu ya kuwatosha watu wa pande zote mbili.

"Nikirudi nitawaambia," alisema. "Naapa kwa mama. Nikishuka tu pale getini, nawaambia wote."

Kijana alikuwa ameshazoea kumtii dada yake tangu hajaweza kuvaa kaptula mwenyewe, na dada alijua hivyo vizuri kuliko mtu yeyote duniani. Aliondoka akamwacha palepale kitandani. Mchana huo huo kijana alibeba mabegi mpaka kwenye gari, akayapanga nyuma yasigongane. Bosi alimpiga bega, akamwambia, "Fundi wangu, tuangalizie nyumba, na mama." Gari likaondoka na dada hakugeuza shingo.

Mama mkwe hakusafiri, presha yake haikutaka barabara mbovu. Siku ya pili yake, siku ya maziko, alimwita kijana sebuleni na kumwonyesha kiti cha mezani kilichozama.

"Lete vifaa vyako ukitengenezee hapahapa. Sipendi kukaa peke yangu."

Akakaa sakafuni, akakipindua kiti, akaanza kung'oa mikanda ya mpira iliyochoka. Maziko yalikuwa saa kumi. Kila alipoinua kichwa macho yake yalikwenda kwenye saa ya ukutani, na kila yalipokwenda, mama mkwe aliyaona. Saa kumi ilipogonga kijana aliacha kazi. Alishika mguu wa kiti tu, akiutazama.

"Hivi wewe," mama mkwe alisema, "mbona hukwenda kumzika mama yako?"

Kijana alimtolea macho.

"Usinitolee macho. Najua tangu wiki uliyokuja. Mnakula mmeinamisha kichwa upande ule ule, mnapulizia chai pembeni ya kikombe, na hayo masikio je? Mtu ana macho bwana. Nilimwambia mwanangu, huyu ni ndugu yake. Akaniambia, mama, waache, watakuwa na sababu zao."

"Bosi anajua?"

"Kila mtu anajua. Mpaka yule mlinzi wa jirani."

"Sasa... mbona hamkusema?"

"Niseme ili iweje?" Mama mkwe alionekana kushangaa kweli. "Ndugu wa mke analazwa chumba cha wageni, anakula mezani, na haambiwi atengeneze makochi bure. Fundi niliyekuwa naye zamani alikuwa ananinyonya damu. Halafu, nisikufiche, nilitaka kuona huyu msichana atafika wapi. Jana nilisimama pale dirishani nikasema, leo kijana atapanda gari, na akipanda nani atamshusha? Ukafunga buti la gari ukarudi nyuma."

Kijana aliweka nyundo chini taratibu. Pangekuwa na haki duniani, angeirusha. Miaka yote ile kwenye stoo, mtoto kunyang'anywa mjomba wake, mama kuzikwa bila mwanawe, vyote kwa ajili ya kulinda siri ambayo hata mlinzi wa jirani alikuwa ameichoka.

Simu ikaita. Ilikuwa mjomba, na nyuma yake sauti za watu wengi.

"Tumemaliza," mjomba alisema. "Tumekusubiri mpaka watu wakaanza kununa. Mahali pako amesimama mtoto wa jirani. Dada yako anasema hukuweza kuja. Nikamvuta pembeni, nikamuuliza, hakuweza ana nini, anaumwa? Akasema haumwi, kazi zimemzidi, na siku hizi mji umembadilisha, hashikiki. Mimi nikasema haiwezekani. Nataka kusikia kwa mdomo wako. Ni kweli?"

Kijana alimtazama mama mkwe, naye mama mkwe alimtazama, kichwa kaelekeza kwenye simu, anasikia kila kitu. Ndoa haikuwa na hatari yoyote tena. Neno moja tu, na mjomba angemgeukia dada palepale kaburini, mbele ya wifi, mbele ya shangazi, mbele ya wote. Kwa mbali alimsikia dada yake akilia, kilio kile kile cha utotoni, cha kukatikakatika. Mtu hawezi kukiigiza kilio kile.

"Ni kweli, mjomba," alisema. "Kazi zilinizidi."

"Basi kaa na hizo kazi zako. Hapa usikanyage tena. Na namba hii usiipige."

Simu ikakatika. Kijana aliiweka sakafuni kati ya misumari. Alilia pale pale, waziwazi, bila pampu.

"Sasa huyo umemfichia ya nini?" mama mkwe aliuliza. "Si ungesema tu?"

"Ni dada yangu."

Mama mkwe alimtazama, akavuta shali mabegani. Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu anayeomba msaada mdogo.

"Haya. Basi akirudi, usimwambie kama najua," alisema. "Viti vya chumbani bado hujanimalizia."