Fundi Mizani na Kiti cha Nyuma

Watu wa gereji walimwita Mizani, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kabla gari halijapanda njia ya mlimani, alitoa kila kitu kilichokuwa ndani, akakiweka kimoja kimoja juu ya mizani yake ya kupimia magunia, halafu akauliza swali lile lile: hiki kitasukuma au kitasukumwa? Cha kusukumwa kilibaki chini. Alikwisha kushusha mito, redio na makreti ya soda, na siku moja alimshusha mkwe wa tajiri fulani, mtu mzima na suti yake, akaachwa langoni ameshika mkoba.

Hakuzaliwa hivyo. Ujanani alitengeneza gari likapanda vizuri mpaka kwenye mteremko wa udongo mwekundu, kisha likarudi kinyumenyume kwa sababu wenye gari walipakia mabati bila kumwambia. Dereva alivunjika mguu, na lawama zote zikamwangukia fundi. Tangu hapo akawa hana simile. Fundi hodari alikuwa, sikatai, lakini ulimi wake ulikuwa mchungu kama shubiri, na aliyeuonja kuliko wote ni mkewe.

Binti yao wa pekee aliolewa ng'ambo ya mlima. Mvua zikianza, njia ya huko haipitiki ila kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, tena liwe limepita mikononi mwa mtu anayejua kazi. Mwaka huu binti alijifungua. Ikaja habari kwamba mtoto yu mzima, ila mama yake hana nguvu, hali wala halali, na anawalilia wazazi wake. Bahati nzuri mpima ardhi mmoja alikuwa na safari ya huko huko. Mizani akakubali kumwandalia gari bure, mradi apewe kiti cha nyuma.

Akafanya kazi kwa roho yake yote. Alitoa springi za nyuma akaweka nzito, akapandisha bomba la kuvutia hewa mpaka juu ya paa ili injini isije ikanywa maji mtoni, akafunga winchi mbele, akapaka grisi kila panapozunguka. Akamhakikishia mpima ardhi kwamba gari hilo halitamwomba fundi mpaka litakaporudi. Kiti cha nyuma alikifunga kwa boliti mpya, akakikalia, akajirusharusha juu yake na kucheka peke yake.

Mkewe alimkuta hapo. Alikuja na kifurushi, ndani yake shali ya mtoto aliyoifuma tangu binti alipowapa habari ya mimba. Akamwomba mumewe kwa upole kwamba, kwa kuwa kile kiti kinatosha watu wawili, waende wote. Mizani akamwambia apande mizani kwanza. Mama wa watu akavua ndala zake, akapanda, mafundi wote wakitazama.

"Mnaona?" Mizani aliwageukia wenzake. "Mama huyu ni madumu manne ya dizeli. Na dizeli angalau inasaidia kupanda mlima."

Gereji nzima ilicheka. Mama akashuka, akavaa ndala zake, akaomba basi shali iende peke yake. Mizani alisema ataangalia. Mkewe hajafika hata langoni, yeye ameshakitupa kifurushi nyuma ya pipa la oili chafu lililokuwa likivuja. Hakukipima hata.

Asubuhi ya safari alinyoa ndevu, akavaa shati lake la kutokea. Mpima ardhi alifika na madumu manne ya dizeli. Kituo cha mafuta cha ng'ambo kilikuwa kimefungwa, na bila madumu hayo asingeweza kurudi. Mizani akaanza kuhangaika: labda winchi ifunguliwe, labda tairi la akiba libaki. Mpima ardhi alimsikiliza mpaka mwisho, bila hasira.

"Winchi si itanivuta nikikwama, fundi?"

"Itakuvuta."

"Na wewe?"

Mizani akasema gari likiharibika atalitengeneza.

"Uliniambia haliwezi kuharibika," mpima ardhi alisema, akamwonyesha mizani kwa kidole. "Panda, tuone."

Alivua viatu, akapanda. Mshale ukasimama pale pale uliposimama kwa mkewe. Wenzake walicheka, na safari hii walicheka zaidi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemsahau yule mama na ndala zake. Kiti alikifungua mwenyewe kwa spana yake, maana boliti alizikaza mno na hakuna mwingine aliyeziweza.

Mpima ardhi hakuwa mtu mbaya. Madumu yalipokwisha kufungwa kwa mikanda, alisema kama kuna kitu chepesi cha mjukuu, hata nguo, kiletwe, atamkabidhi mama mtoto mkononi. Mizani alikimbia nyuma ya pipa. Kifurushi kilikuwa kimefunguka, na shali imeshiba oili chafu, nyeusi tii. Aliikamua, akaikamua tena, oili ikamtiririkia mpaka kwenye kiwiko.

Alirudi mikono mitupu, akasema hakuna kitu. Gari likaondoka bila hata mlio mmoja.

Mkewe alikuwa ndiyo kwanza anaingia, amekuja kumuaga. Akaliona gari likipinda kona, akakiona kiti chini, akamwona mumewe. Aliuliza jambo moja tu.

"Shali imekwenda?"

"Imekwenda," Mizani alisema.

Uso wa mama ukachangamka. Alisema basi afadhali, mwanawe ataishika na kujua kuwa walitaka kuja. Akakaa juu ya kile kiti apumzike, akaanza kumweleza mumewe jinsi alivyoifuma pembe zake mara mbili ili mtoto asipigwe na baridi. Mizani alisimama mbele yake akimsikiliza, mikono ameificha nyuma.