Mkwaruzo katika Radiogramu ya Mwalimu Agnesi

"Vua koti."

Bwana Mkumbwa, msimamizi wa karakana, alinitamkia hivyo mbele ya mafundi wote, mie nimesimama na pasi ya kulehemu mkononi, bado ya moto. "Koti la karakana ya umma halivaliwi na mhujumu."

Nikavua. Wenzangu wakainamia meza zao kama watu walioangusha skrubu. Neno mhujumu siku zile za kusaka wahujumu uchumi lilikuwa zito. Ukienda kuomba kazi pengine, unalikuta limeshafika, limeshakalia kiti chako.

Nitaeleza nilivyofika hapo, maana vijana wanaotengeneza redio leo wanadhani kinachomuangusha fundi ni shoti tu.

Karakana ilikuwa Temeke. Niliingia nikitokea Lindi, na elimu yangu darasa la nne. Siku ya kwanza sikugusa redio. Msimamizi wa wakati ule, Mzee Chilumba, Mungu amrehemu, alinikalisha kwenye kigoda akasema, "Leo kazi yako masikio. Sikiliza, mwanangu." Nikasikiliza siku nzima. Alinifundisha kwamba mvumo usiokatika ni kapasita iliyochoka, yaani kile kikopo kinachotuliza umeme. Mkwaruzo unaotokea ukizungusha kitufe cha sauti ni uchafu. Lakini kelele inayokuja na kuondoka ipendavyo, alisema, hiyo usiifungulie redio kabla hujaifungulia akili.

Alinifundisha pia kujaza kadi ya kazi. Fundi anaandika ubovu, chanzo chake, kisha anatia sahihi. Mwandiko wa kuunga sikuujua wala siujui mpaka leo. Niliandika herufi kubwa, moja moja, kama za kibao cha duka. Watu walinitania, "Mmakonde huyu, hata herufi anachonga!" Nilicheka nao.

Mzee Chilumba alipostaafu akaletwa Bwana Mkumbwa, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Ndipo ikaja radiogramu ya Mwalimu Agnesi, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Bukoba. Radiogramu ni kabati lenye redio na mashine ya kupigia santuri pamoja. Ililetwa mara tatu kwa mkokoteni. Karakanani inaimba vizuri, ikirudi nyumbani inakwaruza. Bwana Mkumbwa akachoka. "Mwambieni mama huyo asafishe masikio."

Nikaomba kwenda mwenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Imekuona, imenyamaza. Ina unafiki kama wanafunzi wangu."

Nikamwomba aandike kila inapokwaruza: siku gani, saa ngapi. Baada ya wiki mbili akanipa karatasi safi, mistari imenyooka. Nikaisoma pale pale. Kelele zilikuja Jumapili asubuhi na siku za kazi saa saba mchana. Mwalimu akaichungulia begani kwangu.

"Hizo ni saa ambazo duka la ushirika limefungwa," akasema.

Jumapili nikarudi. Saa nne ikaanza: krrr, ikakoma, krrr. Nikachomoa waya wa antena, haikupungua sana. Nikaweka santuri, nayo ikakwaruza. Basi kelele ilikuwa inaingia kwa njia ya umeme wa nyumba, haikuwa ugonjwa wa radiogramu. Nikatoa redio yangu ndogo ya betri. Ndani ya redio hizo mna kijiti cheusi kinachonasa mawimbi. Ukiigeuza taratibu, pana mahali kelele inafifia, na hapo ncha ya kijiti inatazama inakotoka. Nikapima uani kwa Mwalimu, nikapima tena barabarani. Mielekeo yote miwili ilikutana kwenye stoo nyuma ya duka la ushirika.

Mwalimu alikuwa nyuma yangu na kanga kichwani. Tukasikia mashine ya kusaga inanguruma ndani. Kwa sauti nilijua mota yake ni ya zamani, kaboni zake, vile vijiti vya kupitishia umeme, zimelika, inarusha cheche. Unga mweupe ulikuwa umetoka chini ya mlango.

"Juzi nimepanga foleni tangu alfajiri," Mwalimu akasema. "Bwana Mtepa akatuambia hata punje ya mahindi haipo."

Mtepa ndiye aliyekuwa katibu wa duka. Akafungua mlango, nywele nyeupe kwa unga.

"Nyie mnatafuta nini hapa?"

"Kelele, ndugu katibu," nikajibu. "Tumeipata."

Jumatatu nikajaza kadi kwa herufi zangu: MASHINE YA KUSAGA, STOO YA DUKA LA USHIRIKA. KABONI ZIBADILISHWE. Kwangu ulikuwa ubovu kama ubovu mwingine, na chanzo lazima kiandikwe. Bwana Mkumbwa akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Mchana Mtepa akaja ofisini kwake, wakajifungia.

Siku tatu baadaye ndipo nikavuliwa koti. Kadi iliyosomwa ilisema mimi mwenyewe nilitia ubovu ndani ya radiogramu ili nilichafue duka la wananchi, na mwisho wake: Nimekiri. Imeandikwa kwa mwandiko wa kuunga, mzuri, umelala upande kama wa karani. Nikapaza sauti kwamba hayo si maandishi yangu. Bwana Mkumbwa akasema, "Mwizi naye hukana mkono wake." Mwalimu Agnesi alikuja kunitetea. Mwezi haukwisha akahamishiwa mbali.

Hakuna karakana iliyonipokea tena. Nimetengeneza pasi na majiko ya umeme kibarazani Mwenge mpaka macho yakagoma. Redio nilizitazama kwa wenzangu. Nikikaa sasa nafikiri, kazi ile ilinifundisha kufuata kelele mpaka mlangoni kwake, ila haikunifundisha la kufanya mlango ukifunguliwa.

Bwana Mkumbwa yu hai, ana nyumba Kigamboni. Bwana Mtepa yu hai, anafuga kuku Pugu. Wote wanaitwa wazee wa heshima. Sitaki koti, sitaki pole. Nataka waje mbele za watu, wapewe kalamu, kila mmoja aandike mstari mmoja tu: NIMEKIRI. Waandike kwa mwandiko wa kuunga, tuone ni mkono wa nani.