Risasi ya Babu na Treni ya Port Bell

Jameni, leo nacheka, lakini siku ile ningepata shimo ningejifukia mwenyewe, tena na kanzu yangu mpya. Mkiniona nimenyamaza kwenye sherehe za watu msidhani nina maringo, ni Luzira ilinifunza.

Mimi ni mtu wa Bungoma, nauza spea za pikipiki hapa Kabalagala, Kampala, na siku hiyo tulikwenda Luzira kwa kina Nalwoga, mchumba wangu, kujitambulisha, ile sherehe Waganda wanaiita kwanjula, ambapo kila upande una msemaji wake mwenye maneno, na bwana harusi mwenyewe anafichwa katikati ya watu wake, kimya kabisa, mpaka senga, yaani shangazi wa binti, aje amtafute na kumtoa. Msemaji wetu, Mzee Mukasa, alinionya asubuhi, "Leo wewe ni bubu. Ukikohoa, kohoa kidogo." Nikasema sawa. Sawa gani! Mdomo huu ulizaliwa kabla yangu.

Baba yake Nalwoga ni mwanajeshi mstaafu, Kiswahili amekitoa kambini, na kwa vile sisi wageni Kiganda kilikuwa kinatupita juu, maneno mengi yakaendeshwa kwa Kiswahili. Msemaji wao akaanza kututania: "Mzee yetu hapa alibeba bunduki. Nyinyi watu ya Kenya iko na nini? Chapati?" Hema lao likaangua kicheko. Mzee Mukasa akajibu kwa heshima kwamba hata babu wa bwana harusi aliwahi kubeba bunduki (kweli kabisa, babu alikuwa mlinzi wa ghala la mahindi, na muda huo alikuwa mstari wa mbele anasinzia na fimbo yake). Wakapiga makofi kidogo. Kidogo! Damu ikanichemka, nikaona upande wetu unazama, nikasimama.

"Babu yangu alisimamisha treni kwa risasi moja!"

Mngesikia kelele zilizopigwa! Vigelegele, miluzi, na senga anapiga kofi hewani, "Huyu hapa, najitoa yeye mwenyewe!" Mtu mwenye akili angekaa chini hapo, tukatozwa faini ya kujionyesha, yakaisha. Lakini mtu akanipa maikrofoni (nani aliyenipa, mpaka leo namtafuta), na utamu wa makofi mnaujua, nikaendelea, nikasema babu alilenga gurudumu na treni nzima ikalala ubavu, na siku nyingine ndege ikapita juu ya shamba, akaitandika injini, ikashuka inazunguka kama kuku mwenye kideri, na kwa sababu risasi ilikuwa imetoboa bodi, abiria wakanyonywa nje mmoja mmoja kupitia kile kitundu kama uji kwenye mrija. (Tulipokuwa shule ya msingi hayo yote tuliyaamini, wallahi, kuna kijana wa darasa letu aliapa aliwaona.)

Baba mkwe, ambaye hakuwa amesema neno tangu tufike, akanyoosha mkono akaomba maikrofoni.

"Kijana. Mimi nabeba bunduki miaka mingi. Kichwa ya treni ni chuma tupu. Unapiga, inalia ngo! Dereva anaendelea kula muhogo yake. Sasa hii bunduki ya babu, ni ya namna gani?"

Kabla sijafungua kinywa, babu akaamshwa na lile neno bunduki, akasimama. "Bunduki gani tena? Mimi nililinda mahindi. Nilifyatua risasi moja maisha yangu yote, nikaua mbuzi wa chifu."

Watu wetu wenyewe walicheka, wasaliti wale. Baba mkwe hakucheka. "Kwa jeshi, mtu ya kudanganya juu ya bunduki anaua wenzake. Mimi hapana toa mtoto yangu kwa mtu kama huyu." Akawapungia mkono kina mama waliokuwa wanaleta matoke, wakageuka nayo. Nikamwona Nalwoga mlangoni ndani ya vazi lake la gomesi la kijani, ameziba mdomo, machozi yanamlenga. Nilimpenda yule msichana kuliko kitu chochote, na nilikuwa nampoteza kwa sababu ya treni ambayo haikuwahi kuwepo.

Sasa reli ya kwenda bandari ya Port Bell inapita nyuma tu ya nyumba yao, na hapo hapo tukasikia honi kwa mbali. Baba mkwe akanitazama, akamtazama babu. "Vizuri. Mzee, kuja. Onyesha sisi."

Sherehe nzima ikatoka mbio, kanzu na gomesi zimeshikwa juu, wapiga picha mbele, watoto wanapiga kelele "Piga! Piga!" Na babu, ambaye akipewa amri na mwanajeshi haulizi swali, akasimama kando ya reli, akanyoosha fimbo, akafunga jicho moja, bila shaka vile vile alivyomlenga yule mbuzi. Mimi nilikuwa nasali ardhi ipasuke.

Treni ikapunguza mwendo. Breki zikalia. Ikasimama, jameni, ikasimama pale pale mbele ya babu!

Dereva akatoa kichwa dirishani, jasho linamtoka. "Nyinyi! Nini iko kwa reli? Nani nakufa?" (Yeye ameona umati kando ya njia na mzee anamwonyeshea fimbo, kadhani reli imekatika huko mbele.)

Halafu baba mkwe akaanza kutetemeka mabega, akashika tumbo, akacheka mpaka akakaa chini kwenye kokoto na suti yake. Alipopata pumzi akanivuta sikio mbele ya ukoo mzima.

"Babu yako nasimamisha treni na fimbo. Wewe na mdomo yako, kidogo tu nasimamisha harusi. Faini ni mbuzi moja, ya kulipa ile ya chifu. Lete matoke!"

Nikalipa mbuzi nikishangilia. Na nikaapa, bunduki, treni, ndege, hata baiskeli ya babu, sitazitaja tena mbele za watu, na kwenye sherehe mdomo huu nitaufunga. Kiapo hicho nakishika vizuri mno, kwa sababu siku ya kanisani padri aliponiuliza kama nakubali kumwoa Nalwoga, nilikaa kimya mpaka watu wakaanza kugeuka, kumbe nilikuwa namtafuta Mzee Mukasa anipe ruhusa ya kusema.