Isale Mkononi mwa Baba

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa mtu wa swala tano na mdomo mchungu. Aliishi nasi Moshi mjini, nyuma ya chumba ambamo baba alishona kanzu na kaptura, na hakuna aliyethubutu kumjibu, hasa mama. Mama alikuwa Mchaga wa Mwika aliyesilimu alipoolewa, na shangazi hakumwacha asahau. Akikosea hata kukunja mkeka, aliambiwa hayo ndiyo mambo ya kwao mlimani.

Siku moja baba akiwa Holili kutafuta vitambaa, bibi mzaa mama alishuka kutoka Mwika kwa miguu. Alikuwa Mkristo, rozari shingoni, na kichwani amebeba kikapu cha ndizi na paja la mbuzi lililofungwa kwa majani ya mgomba. Shangazi akauliza nani kachinja. Bibi, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, akasema ni mwanawe wa kiume. Shangazi hakusema asante wala karibu. Aliishika ile nyama kwa ncha za vidole akawatupia mbwa wa mtaani, bibi akiona.

Haya, tusingeweza kuila. Lakini zilikuwapo njia chungu nzima za kumwambia hivyo mama wa watu aliyetembea tangu alfajiri. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Mama alisimama mlangoni amepigwa bumbuwazi, machozi yakimtoka. Bibi akajitwika kikapu chake akaondoka bila kunywa hata maji.

Baba aliporudi na kusikia, alimkabili dada yake kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake. "Unaswali, dada, lakini jirani anakuogopa na mgeni anakukimbia. Sasa hizo swala zinakufunza nini?" Shangazi akasema yeye ameilinda nyumba na haramu, akaenda zake kulala.

Baba akatuma Mwika salamu, sukari na sabuni kupitia wachuuzi wa ndizi. Vilipokewa, jibu halikuja. Akatuma shuka, kimya. Mama ndiye aliyejua sababu. Kwao aliyekosa huja mwenyewe, mkononi ameshika jani la isale, ule mmea unaopandwa mipakani mwa vihamba, mashamba yao ya migomba. Bila isale msamaha haujaombwa, hata ulete lori zima la sukari. Lakini shangazi angemwita mshirikina, basi akanyamaza. Akawa anasimama uani kuutazama mlima mpaka maharage yanaungua jikoni. Alikonda, nguo zikawa zinampwaya.

Masika ya pili yakaja na habari kwamba bibi hajiwezi, hali wala hanywi. Hapo mama akavunjika. Alijitupa sakafuni akamweleza baba yote, habari ya isale na hofu yake. "Mama yangu atakufa ana kinyongo na mimi, baba watoto. Nitamtazama Mungu kwa uso gani?" Baba alivua miwani akafuta macho. Hakumlaumu hata kidogo.

Kesho yake tukaondoka watatu, wao wawili na mimi binti yao. Tulipofika Kiboriloni baba alimwomba mama mmoja muuza ndizi amwonyeshe isale. Yule mama akaenda kumchumia mwenyewe, akalipiga fundo linavyopigwa, akamkabidhi. Muumini mmoja wa msikitini kwetu aliyekuwa pale sokoni akashangaa. "Fundi, wewe na jani la Wachaga?"

"Siendi kuliabudu," baba akamjibu. "Naenda kuomba radhi kwa mama mkwe wangu, na kwao radhi huombwa hivi."

Tulipanda lori la kahawa mpaka liliposhindwa na utelezi, tukamalizia kwa miguu. Baba alianguka, kanzu ikajaa tope, lakini mkono wenye isale aliuinua juu. Mama alikuwa mbele yetu, hageuki nyuma, anasema peke yake njia nzima, "Mama nisubiri, mama nisubiri."

Mjomba, yule aliyechinja mbuzi wa siku ile, alitupokea uani bila kutabasamu. Baba akamnyooshea isale kwa mikono miwili. "Shemeji, nyumba yangu ndiyo iliyokosa. Tumekuja kuomba radhi."

"Wa kupokea hilo si mimi," mjomba akasema. "Na mmechelewa. Tangu jana hasemi."

Bibi alikuwa amelala karibu na moto, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Mama akapiga magoti. "Shikamoo mama. Mama, ni mimi." Akalichukua isale kwa baba, akamwekea kiganjani na kumkunja vidole. Vikafunguka. Akavikunja tena, vikafunguka, jani likaanguka kwenye ngozi aliyolalia. Mama akapiga ukelele ambao sitaki kuusikia tena duniani.

Nyuma ya kizuizi cha mbao, humo humo ndani, mbuzi akalia. Mjomba akakitazama kizuizi, kisha akamtazama baba.

"Huyo ni wenu," akasema. "Mama alipotoka kwenu aliuliza watu mpaka akajua kwa nini nyama yake ilikataliwa. Akanituma nimtafutie mbuzi. Amemlisha mwenyewe majani na maganda ya ndizi, Krismasi mbili amekataa asiguswe. Hata alipougua, akitamani supu, alikataa. Alisema, 'Huyu atachinjwa na mkwe wangu, ili mwanangu ale kwangu.' Alikuwa anawangoja mje na isale."

Baba akaomba kisu. Akanawa, akamlaza yule mbuzi kuelekea kibla, akapiga bismillahi, akachinja. Supu ilipoiva mjomba akampa bibi kijiko kimoja, ikamtiririka shavuni.

Basi mama akala. Alipiga magoti akitafuna huku analia, amemgeukia bibi ili amwone, na kila tonge alimwambia, "Ninakula, mama. Tazama, ninakula." Macho ya bibi yalikuwa wazi. Mama aliendelea kula vile vile, mpaka mjomba alipomshika mkono taratibu na kuyafumba yale macho.