Asubuhi ya Upasuaji, Weris Aliomba Achomwe Moto

Hii nilielezwa na Bishara mwenyewe, jirani yangu hapa mtaa wa Waberi, Garissa, Ramadhani iliyopita tukikaanga sambusa. Katikati alisahau sambusa mpaka mafuta yakataka kuungua.

Dada yake, Weris, alikuwa kitandani hospitalini, tayari kuingizwa chumba cha upasuaji. Nesi akafungua shela iliyofungwa mkononi.

Matundu matatu. Mabichi. Ya kuchomwa moto.

"Subhanallah! Mama, nani amekufanyia hii?"

Weris akaivuta shela afunike mkono.

Bishara, pale mlangoni, akarudi nyuma hatua moja. Aliyechoma ni yeye.

Ngoja nianze vizuri.

Weris ni mtu wa ngamia, kule malishoni Eldas. Zamani alianguka kisimani, mkono wa kulia ukavunjika, ukafungwa kwa vijiti, ukaunga vibaya. Miaka ikapita. Kifundo cha mkono kikaanza kuvimba, kikawa kinacheza, kinahama mahali pake kama mlango uliolegea bawaba. Akikamua, kibuyu kinamponyoka. Maziwa yote mchangani.

Binti yake Ilhan akamleta huku Garissa, wakafikia kwa Bishara, akampeleka kwa Najib, daktari wa mifupa.

"Hooyo, mama yangu, hapa mfupa unasaga mfupa," daktari akasema. "Nitaiunganisha mifupa ya kifundo iwe mfupa mmoja, niikaze kwa chuma. Maumivu yatapungua sana, inshallah. Vidole vitafanya kazi, kiganja utakigeuza juu na chini. Lakini kifundo hakitapinda tena."

"Mpaka lini?" Weris akauliza.

"Maisha yako yote."

Ilhan akadakia, "Sawa, daktari! Tupe tarehe!"

Weris akakitazama kiganja chake. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Asubuhi ya siku yenyewe, Ilhan akatoka kutafuta tuktuk. Weris akamshika dada yake.

"Abaayo, dada yangu, nichome."

"Leo? Umerukwa na akili?"

"Si mama alitutibu sote kwa moto? Labda nitapona bila kisu. Haraka, kabla huyu mtoto hajarudi."

Kwetu husemwa moto na ugonjwa havikai nyumba moja. Bishara aliamini. Akapasha msumari kwenye jiko la makaa, akamchoma nao mara tatu kwenye kifundo. Weris akauma shela, kisha akaufunga mkono kwa shela hiyo hiyo.

Basi pale hospitalini daktari akaja, akatazama, akavua glavu.

"Siweki chuma chini ya kidonda. Vijidudu vikiingia mfupani, nitaishia kuukata mkono wote. Nendeni nyumbani. Ngozi ikipona, mrudi."

Njia nzima Ilhan alilia kwa hasira. "Habaryar, mama mdogo, ni wewe? Sema wallahi si wewe!"

Bishara hakuweza kuapa.

Vidonda vikatunga usaha. Homa ikaingia. Bishara akawa anamwosha dada yake, anampa dawa, halafu anakwenda kulia nyuma ya tangi la maji.

Homa ilipotulia, akapiga magoti kando ya mkeka.

"Weris, nisamehe. Nimekuharibia."

Weris akacheka, kicheko kikavu.

"Hujaniharibia kitu. Nilijua watanirudisha. Kule kliniki niliona mtu akirudishwa nyumbani bila kupasuliwa kwa sababu ya jipu tu. Ndiyo maana nikakwambia unichome."

"Wewe mwanamke! Mimi nimejiona muuaji! Si ungesema hapana tu?"

"Nimwambie nani? Ilhan alishasema ndiyo. Wewe ulishafua shuka za kwenda nazo hospitalini."

Ilhan alikuwa amesimama mlangoni na chai. Alisikia yote.

"Hooyo, unaogopa nini?"

"Sujudi. Mkono usiopinda, kiganja hakitalala chini."

"Lakini dini ni nyepesi! Sheikh atakwambia uweke unachoweza."

"Hilo nalijua tangu hujazaliwa. Sikuuliza kama inaruhusiwa. Nasema nitaikosa ile ardhi. Pale ndipo mkono unaponiuma kuliko pote, na pale ndipo ninapolia bila mtu kuniuliza nalia nini."

Ilhan akaweka chai chini. Akakaa.

"Basi ukisema hapana, ni hapana. Nitakuja Eldas nikukamulie."

"Na hiyo mikono ya kompyuta? Ngamia atakupiga teke ufike mji wa Buna!"

Wakacheka wote watatu. Halafu Weris akakitazama tena kiganja chake, na safari hii walimngoja.

"Maumivu haya siwezi kuishi nayo. Nitarudi kwa Najib," akasema mwishowe. "Kidonda kipone kwanza. Lakini nitarudi kwa miguu yangu, si kwa kubebwa na ndiyo ya mtu mwingine."

Nyinyi mlio na wazee nyumbani, kimya cha mgonjwa si ndiyo. Muulizeni. Na mkishauliza, fungeni midomo mpaka ajibu.

Adhuhuri waliswali pamoja. Sujudi ya mwisho ya Weris ilikuwa ndefu, Bishara akamaliza nyiradi zake zote na mwenzake bado yuko chini.

Joto la Garissa mnalijua, saa ile hata mbuzi hatembei. Ilhan akalala karibu na mlango. Weris akalala, mkono mbaya juu ya paja la dada yake. Bishara akawapepea kwa upindo wa shuka, akapepea, akapepea, mpaka kichwa kikaegemea ukuta na yeye pia akalala.