Tiketi ya Treni Niliyonunua Columbus

Mwezi uliopita nilinunua mtandaoni tiketi ya treni ya kusafiri bila kikomo. Nilipanga kutoka hapa mjini Columbus hadi mji wa Louisville kwenye harusi ya mpwa wangu, kisha Buffalo kumwona mjukuu. Kanisani nilijisifu mpaka mchungaji akaiombea safari.

Siku yenyewe nikaburuta sanduku hadi kituo cha basi cha Morse Road, nikapanda basi. Dereva alikuwa Mrundi.

"Baba, unishushe stesheni ya treni."

"Ya mizigo, mama?"

"Ya watu! Ya Louisville."

"Mama, Columbus haina treni ya abiria. Louisville pia haina."

"Bon, haya, na Buffalo?"

"Buffalo inayo. Lakini utafikaje huko uipande?"

Nikaitazama tiketi, nikaikunja na kuirudisha mkobani. Nilipogeuka kutafuta kiti, nikaona kwaya yetu nzima ya kanisani, ikienda mazoezini, imekaa nyuma inanisikiliza.