Nyumba Aliyoiandikisha Severini

Severini wa Matombo alikata mkonge kwenye shamba la Mjerumani miaka mitano, na kila mwezi bwana shamba alimkata rupia moja, eti akiba ya uzeeni. Zilipotimia sitini, mgongo nao ukagoma. Akasema basi, narudi kwa Bernadeta wangu, niote moto jikoni kwake mpaka Mungu aniite. Hakuwa na tamaa nyingine, maskini.

Bomani Morogoro, akiba ilikowekwa, karani Rehani akamweleza sheria. Anayechukua akiba yake hutozwa kodi, robo nzima, yaani rupia kumi na tano zingebaki serikalini. Husamehewa tu mwenye nyumba yake mwenyewe, aonyeshe na stakabadhi za kodi ya nyumba. Asiye na nyumba ni mtu wa kutangatanga, fedha atazinywea pombe. Ndivyo wakubwa walivyofikiri, na nani angewabishia?

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Nyumba ile ilikuwa ya Bernadeta, kaachiwa na mama yake, na mama naye kaachiwa na mama yake. Ndivyo Waluguru walivyo. Mume hukaribishwa, hulima, huheshimiwa, basi. Severini aliijua mila hiyo kuliko wote: kila mwaka watoza kodi walipopanda mlimani, naye kaja nyumbani kupumzika, alikuwa wa kwanza kusema nyumba si yake, waulizwe wenyewe. Bernadeta akauza ndizi, akalipa rupia tatu. Ila stakabadhi ziliandikwa jina la mume, maana Mjerumani hakuwa na habari ya nyumba ya mwanamke.

Severini alikuwa nazo zote tano, kwa kuwa aliambiwa aje na kila karatasi ya serikali. Rehani akazikagua, akamtazama.

"Mzee, nyumba hii ni yako?"

Rupia kumi na tano, jamani! Severini akakohoa. Kando yake alisimama shemeji yake Alois, kaka yake Bernadeta, aliyemsindikiza.

"Ni yangu mwenyewe," akasema.

Akahesabiwa sitini zote. Njia nzima ya kupanda Matombo alizungumza peke yake, mara mbuzi atakaowanunua, mara blanketi. Alois alimwacha nyuma kwa hatua nyingi. Severini akadhani ni kijicho.

Walipofika, Alois akatangulia ndani kwa dada yake. Bernadeta hakupiga kelele. Alimwekea mume ugali, akangoja amalize, kisha akamtolea mkeka wake na jembe lake mpaka uani.

"Kodi nimelipa mimi, na sikukudai hata siku moja," akamwambia. "Leo umesimama bomani ukaiita nyumba ya mama yangu yako. Haya, Baba Yuliana. Nenda kwako."

Severini akaahidi kumpa rupia kumi na tano. Akapandisha, ishirini, thelathini, huku machozi yanamtoka. Alipofika sitini, alikuwa akiuambia mlango.